Pointi Mbili za Kikengele

Jumatatu asubuhi, chai ikiwa bado haijapoa, jalada la kikengele lilifunguka lenyewe kwenye meza ya Leokadia Mkude. Maandishi yalikuwa ya rangi ya machungwa. Mizani, mtambo wa kuhesabu viumbe, iliitumia rangi hiyo pale tu ilipohitaji mkono wa binadamu.

Kikengele, chura wa bonde la Nyamwidu, milima ya Uluguru. Mwaka 2064: dhaifu. Mwaka 2074: mahututi. Sababu ya badiliko?

Chini ya swali palikuwa na visanduku viwili. Cha kwanza kiliandikwa BADILIKO LA KWELI, cha pili UJUZI MPYA. Chini ya hivyo kulikuwa na saa iliyokuwa inahesabu kurudi nyuma. Ilikuwa imeanzia sabini na mbili.

Leokadia alisukuma kikombe pembeni. Kazi hii alikuwa akiifanya kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na kwa kawaida jalada moja lilimchukua nusu saa. Mizani yenyewe ndiyo iliyokuwa inafanya kazi kubwa. Ilikuwa na masikio kwenye miti na pua kwenye vijito, vifaa vidogo visivyozidi kiganja, vilivyosikiliza milio na kunusa mabaki ya ngozi na kinyesi majini, kisha vikampa kila kiumbe cheo chake. Aliye salama alipewa sifuri. Aliye karibu na hatari, moja. Dhaifu, mbili. Aliye hatarini, tatu. Mahututi, nne. Aliyetoweka, tano. Alama za viumbe wote wa mlima mmoja zilijumlishwa, zikachorwa mstari, na mstari huo ndio ulioutangazia ulimwengu kama mlima unaishi au unakufa.

Jambo moja tu Mizani haikuweza kuliamua. Cheo cha mnyama kikibadilika, ni mnyama aliyebadilika, au ni sisi? Pengine miaka kumi iliyopita wataalamu walidhani wapo wengi, kumbe walikuwa wachache tangu hapo. Basi hapo mnyama hajapoteza kitu, ni watu waliokosea, na kosa linasahihishwa hadi mwanzo wa hesabu na mstari haushuki. Uamuzi huo Mkataba wa kulinda milima uliuacha kwa binadamu, kwa sababu binadamu anaweza kuapishwa, na akisema uongo anaweza kufungwa.

Hamduni, mkuu wa ofisi, aliingia bila kubisha. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyependa kusimama nyuma ya kiti cha mtu anapoongea naye.

"Umeiona?" aliuliza.

"Nimeiona."

"Uluguru imeshapoteza pointi nane tangu mwaka sitini na nne. Huyu akitoka dhaifu kwenda mahututi ni mbili nyingine. Nane na mbili?"

"Kumi, bosi. Kuhesabu najua."

"Na kumi ni kufungwa." Alivuta pumzi. "Sisemi uandike nini. Nasema tu ujue unaandika nini."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa kufungwa ni nini. Mlima Msangazi ulifungwa mwaka sitini na tisa. Watu walipewa siku tisini. Waliteremshwa tambarare na magodoro yao, migomba ikang'olewa, uzio ukavutwa, na kwa miaka sitini hakuna mguu wa mtu utakaokanyaga pale isipokuwa wa mlinzi. Mkataba haukuuliza kama ni mkulima aliyeua au ni jua. Ulitazama mstari tu.

Lakini kufungwa kulikuja na kitu kingine pia. Kiumbe aliyeandikiwa badiliko la kweli alipelekewa waokoaji ndani ya juma moja. Waliosalia walichukuliwa, wakawekwa kwenye vyumba vya ukungu huko Arusha, wakazalishwa. Aina tatu za vyura wa Msangazi zilikuwa hai hadi leo kwa njia hiyo.

"Wewe kwenu ni wapi vile?" Hamduni aliuliza akiwa mlangoni.

"Hapahapa Morogoro," alijibu Leokadia.

Hakuwa amedanganya. Ila hakutaja kijiji.

*

Kijiji kilikuwa Kitangalo, na kilikaa chini kidogo ya msitu wa Nyamwidu. Kwa Waluguru ardhi hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na shamba la mama yake Leokadia, tangu mama huyo afariki, lilikuwa linalimwa na mdogo wa marehemu, Filomena. Jumanne saa nne asubuhi Leokadia alimkuta kwenye tuta la juu akipandikiza kabichi, amejifunga kanga kiunoni, mikono imejaa udongo hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Leo Jumanne, hamna kazi huko mjini?"

"Kazi ndiyo imenileta. Nataka kwenda Nyamwidu."

Filomena alisimama, akajinyoosha mgongo. "Nyamwidu kuna nini siku hizi? Nitakusindikiza. Peke yako utateleza."

Walipanda kwa karibu saa moja. Filomena, na miaka yake sitini na sita, alitangulia na panga, na muda wote alikuwa anaongea. Alisema zamani ukungu ulikuwa unashuka hadi mlangoni, unaanika nguo siku tatu hazikauki. Sasa ukungu unakaa juu, unautazama tu ukipita. Kijito cha bondeni kimebaki uzi.

"Na vikengele?" aliuliza Leokadia.

"Vikengele!" Filomena alicheka. "Mimi nilipoolewa nikahamia nyumba ile ya chini, juma zima sikulala. Nilizoea makelele yao. Bonde zima kama harusi, watu mia wanagonga glasi kwa vijiko. Mama yako alikuwa akiniambia, ukitaka kumsema mtu kasemee Nyamwidu, hakuna atakayekusikia." Alikata tawi lililoziba njia. "Wameondoka pole pole. Mwaka huu unasema labda mvua, mwaka kesho unasema labda mvua. Halafu siku moja unashtuka kwamba kimya."

"Lini hiyo?"

"Ah. Miaka mitano? Sita? Nilikuwa nimekwenda kukata majani ya ng'ombe. Nikasimama hivi, nikajisikia kuogopa, wala sikujua naogopa nini."

Bonde lenyewe halikuwa kubwa, lilikuwa kama uwanja wa mpira uliolala upande. Leokadia alikuwa hajafika pale tangu alipokuwa msichana. Kwenye ardhi laini ya bondeni, ambako zamani mguu ulizama hadi kwenye goti, alitembea na viatu vya kawaida. Masikio ya Mizani yalikuwa bado yapo kwenye miti, taa zao za kijani zikiwaka. Alipiga magoti, akaanza kufunua majani moja moja kandokando ya maji yaliyosalia.

Hadi saa tisa alikuwa amewapata wanne. Walikuwa wadogo kama ukucha wa kidole gumba, wa rangi ya kahawia, na mstari mweupe kifuani. Mmoja alikuwa na ngozi iliyoanza kuchubuka mgongoni, ugonjwa ule ule uliomaliza vyura wa milima mingine. Aliwapiga picha, akawaacha hapo hapo. Hapakuwa na alama ya jembe mahali popote, wala kisiki, wala moshi. Hakuna mtu wa Kitangalo aliyewagusa. Mawingu yalipanda juu, basi, na maji yakayafuata.

"Wakiisha itakuwaje?" Filomena aliuliza wakati wa kuteremka. Aliuliza tu, kama mtu anavyouliza habari za jirani anayeumwa.

Leokadia alimtazama mgongoni, akatazama na matuta ya kabichi yaliyoanza kuonekana chini, na mapaa ya nyumba mia nne na kumi na mbili. Alikuwa ameisoma idadi hiyo kwenye jalada.

"Sijui, mama mdogo," alisema.

*

Aliyewahesabu vikengele mwaka sitini na nne, kabla Mizani haijatundika masikio yake Nyamwidu, alikuwa Ponsiano Kunambi. Sasa alikuwa mstaafu wa miaka sabini na minane na aliishi Bigwa, kwenye nyumba iliyojaa vinasa sauti vibovu. Ndiye aliyemfundisha Leokadia kazi. Jumatano asubuhi alimfungulia mlango mwenyewe, akamwonyesha kiti, kisha akakaa karibu kabisa, goti kwa goti.

"Ongea ukinitazama," alisema. "Sauti nene bado nazisikia. Nyembamba zimekwenda zote. Vyura, ndege, wajukuu."

Leokadia alimweleza. Mzee alisikiliza bila kukatiza, kisha akaenda kwenye kabati, akarudi na kifaa kidogo cha kumbukumbu na karatasi zilizofungwa kwa uzi.

"Hizi ndizo kanda za Nyamwidu. Usiku kumi na mbili, vituo tisa. Mizani ina nakala. Zisikilize mwenyewe."

Leokadia alivaa visikilizio. Mwanzo alisikia nyayo, na sauti ya Ponsiano akiwa na nguvu bado, akitaja tarehe. Kisha vikengele. Alikuwa amesahau. Hazikuwa sauti mia, zilikuwa maelfu, zimepangana tabaka juu ya tabaka, nyingine karibu hadi akapepesa macho, nyingine mbali huko juu kwenye miamba. Alishika ukingo wa meza.

Mzee alikuwa anautazama uso wake. "Wengi, eh?"

"Wengi mno, mzee."

"Niliandika elfu sita, na nilijibana. Kwa hiyo ni badiliko la kweli. Hakuna mjadala."

"Hakuna."

Barabarani mtu alipita akitangaza maandazi, na Leokadia peke yake ndiye aliyemsikia.

"Filomena yuko bado Kitangalo?" aliuliza Ponsiano.

"Yuko. Jana alikuwa anapandikiza kabichi."

"Nilikula kwake mwezi mzima mwaka ule. Maharage na ndizi. Hakutaka hata senti." Mzee aliufungua ule uzi kwenye karatasi, akaufunga tena. "Kuna njia. Andika kwamba nilikosea."

"Mzee."

"Nisikilize. Andika kwamba sikufika vituo tisa. Mvua ilikata njia, nikafika viwili tu, nikarudufu kanda na kuzipa majina ya vituo vingine. Watu walishawahi kufanya hivyo, haitakuwa ajabu. Basi hesabu ya mwaka sitini na nne ni batili, na vikengele walikuwa mahututi tangu hapo. Ujuzi mpya. Mstari haushuki. Nitaapa mimi mwenyewe, leo hii, hapa hapa."

"Watakuvua jina lako kwenye kila kitu."

"Nina miaka sabini na minane, jina nalifanyia nini?" Alisema hivyo, lakini mkono wake ulikuwa umeshika zile karatasi kwa nguvu. "Tatizo si jina langu. Tatizo ni kwamba ukiandika ujuzi mpya, waokoaji hawaji. Waokoaji wanakuja kwa anayeshuka. Aliyekuwa chini tangu zamani wanasema ndiyo hali yake. Kwa hiyo wale wanne uliowaona, unawaua. Nitakuwa nimekusaidia kuwaua. Nataka tuelewane hapo kabla sijaapa."

"Hakuna njia ya kuwaokoa wote wawili?" aliuliza Leokadia. "Vyura na kijiji?"

Ponsiano alimkazia macho midomo. Hakuwa na hakika kama amesoma vizuri, basi akamwomba arudie. Aliporudia, mzee alitikisa kichwa.

"Niliitafuta njia hiyo miaka thelathini," alisema. "Waliotunga Mkataba walikuwa watu wazuri, usidhani vingine. Waliogopa tu watu kama mimi na wewe, wenye shangazi na mama wadogo. Wakaziba kila tundu."

*

Leokadia hakuweka mkono wake siku hiyo. Alhamisi asubuhi, zilipobaki dakika kumi kwenye ile saa, Hamduni alikuja kusimama nyuma ya kiti chake. Kwenye meza ya kioo palikuwa na kiapo cha Ponsiano, kimefika tayari, kimesainiwa.

Alifikiria kumpigia Filomena amwulize. Angemwuliza nini? Wewe na majirani zako wote, au vyura wanne ambao huenda watakufa hata chumbani Arusha? Hilo si swali la kumwuliza mtu mwenye udongo mikononi. Angejibu, na jibu lingekuwa lake milele.

Aligusa kisanduku cha pili. Mizani ilisoma kidole chake, ikasoma mapigo ya moyo wake, ikangoja kidogo, kisha rangi ya machungwa ikazimika.

"Basi," alisema Hamduni kwa upole. Alimpigapiga begani, akaondoka.

Leokadia alidhani mambo yameishia hapo. Saa sita mchana meza iliwaka tena, safari hii kwa rangi ya bluu ya kawaida, rangi ya taarifa. Hakuombwa kitu. Aliarifiwa tu.

Kanda za Ponsiano Kunambi, zikiwa zimethibitika kughushiwa, zilikuwa zimeondolewa kwenye hesabu. Lakini kanda zile hazikuwa za vikengele peke yao. Kulikuwa na mende wa majini ndani yake, na popo wawili, na chozi wa msituni, na nyenje, na chura mwingine mmoja, jumla viumbe sita ambao Mizani iliwajua mwaka sitini na nne kwa masikio ya Ponsiano tu. Wote sita walikuwa wameshuka cheo kimoja kimoja tangu hapo. Sasa Mizani haikuwa na ushahidi kwamba waliwahi kuwa wengi. Iliwasahihisha wote hadi mwanzo.

Pointi nane zilizopotea zikawa mbili.

Leokadia alitazama mstari wa Uluguru ukijichora upya. Ulikuwa umeteremka kama ngazi kwa miaka kumi. Ulijinyoosha taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, hadi ukalala kama kamba ya nguo. Chini yake Mizani iliandika: Tulivu.

Alikimbilia kwa Hamduni. "Imefuta wote! Popo, chozi, wote. Mimi nimesaini chura mmoja!"

Hamduni alikuwa ameshaiona. Alikuwa anatabasamu, kisha akauona uso wake akaacha. "Umesaini kwamba chanzo ni batili," alisema. "Chanzo kikiwa batili, ni batili kwa wote. Hesabu ndivyo ilivyo, dada."

"Turudishe."

"Kwa ushahidi gani? Kanda zimefutwa. Mzee ameapa. Akila kiapo kingine sasa, yupi wa kuaminiwa, yule wa jana au wa leo? Na wewe utakwenda jela, naye atakwenda, na kijiji kitafungwa." Alishusha sauti. "Leokadia. Watu elfu mbili wamebaki nyumbani kwao. Kaa chini unywe maji."

Leokadia alipiga simu Bigwa, na mjukuu wa Ponsiano ndiye aliyepokea, akamwandikia babu yake maneno ya Leokadia kwenye karatasi. Kile kifaa cha kumbukumbu je? Jibu lilichukua muda. Babu anasema, alisema binti yule, maafisa walikuja saa nne wakakichukua pamoja na karatasi. Babu anasema wametia sahihi, walikuwa na adabu sana.

*

Ilikuwa lazima kijiji kihojiwe, ndivyo utaratibu ulivyotaka. Juma lililofuata alikuja afisa wa uhakiki kutoka Nairobi, Bi. Nekesa, mwanamke mnene mchangamfu aliyepanda mlima wa Kitangalo kwa viatu vya mjini bila kulalamika. Leokadia alitakiwa kumpeleka. Usiku mmoja kabla alikuwa amemweleza Filomena kwa simu kwa maneno machache: watakuja kuuliza kama vyura walikuwa wengi. Mkisema walikuwa wengi, mtahamishwa. Filomena akasema, "Nimekusikia," na akakata.

Bi. Nekesa aliwahoji watu ishirini uani kwa balozi wa nyumba kumi, mmoja mmoja, na kifaa chake kidogo kikinasa sauti. Wote walisema jambo moja. Filomena alikuwa wa mwisho.

"Mama, umeishi hapa tangu uzaliwe?"

"Tangu nizaliwe."

"Huko Nyamwidu, kulikuwa na vyura? Wale wadogo wenye sauti ya kengele?"

"Mmoja mmoja," alisema Filomena.

"Hawakuwa wengi? Hata ulipokuwa mtoto?"

Filomena alitazama mikono yake. Alikuwa ameiosha kwa ajili ya mgeni, ila udongo wa kwenye kucha haukuwa umetoka.

"Kule kulikuwa kimya siku zote, mama," alisema. "Kimya kabisa."

Bi. Nekesa alimshukuru, akazima kifaa. Filomena aliinuka, akapita karibu na Leokadia bila kumtazama, akaenda shambani kwake na hakurudi kula pamoja na wageni.

Siku mbili baadaye Mizani ilitoa amri ya kuondoa masikio Nyamwidu. Bonde tulivu halikuhitaji kusikilizwa kila saa. Leokadia alijitolea kupanda na mafundi. Wao walipokuwa juu ya miti wakikata waya, yeye alishuka kando ya maji na boksi la plastiki la kuwekea chakula, lenye majani mabichi yaliyolowa na matundu aliyoyatoboa kwa msumari. Lilikuwa kosa la jela, kumchukua kiumbe mahututi bila kibali. Aliwatafuta wale wanne. Alipata watatu. Wa nne, yule aliyechubuka, alikuwa amekauka juu ya jani.

*

Nyumbani kwake Kihonda aliwaweka bafuni, kwenye ndoo pana aliyoizungushia nailoni. Aliweka feni na kitambaa chenye maji ya barafu. Alisoma kila alichoweza kukisoma. Kila saa mbili aliwanyunyizia. Vyumba vya Arusha vilikuwa na mitambo ya kutengeneza ukungu na watu sita wa zamu. Yeye alikuwa na chupa ya kupulizia nguo za kupiga pasi.

Wa kwanza alikufa siku ya tatu, wa pili siku ya tano. Wote wawili walikuwa majike. Aliyebaki alikuwa dume, na jioni ya siku ya tano alianza kulia.

Filomena alikuja Jumamosi, siku ya sita, bila taarifa. Alishuka na mkungu wa ndizi, kabichi mbili na salamu za kijiji kizima. Balozi amesema Leokadia achinjiwe mbuzi akipanda. Walikaa sebuleni, wakanywa chai, wakaongea habari za mbolea na za mtoto wa jirani aliyefaulu. Hawakutaja yule mgeni wa Nairobi. Kisha Filomena aliweka kikombe chini katikati ya sentensi.

"Nini hicho?"

Leokadia alitazama mlango wa bafuni.

Filomena aliinuka, akaifuata sauti, akafungua mlango wa bafuni. Leokadia alimkuta amechuchumaa mbele ya ndoo, kanga imeloa kwenye sakafu. Kikengele alikuwa amekaa juu ya jiwe, koo lake linavimba na kunywea. Ting. Ting. Alinyamaza, akasubiri, akarudia.

"Wengine wako wapi?" aliuliza Filomena.

"Hakuna wengine, mama."

"Juu huko?"

"Hakuna."

"Sasa huyu anamwita nani?"

Leokadia alikaa sakafuni kando yake. Akamwambia yote, tangu visanduku viwili hadi waokoaji ambao wangekuja na hawakuitwa. Hakujitetea. Filomena alisikiliza bila kumwondolea macho yule chura.

"Kwa hiyo niliposema kulikuwa kimya," alisema mwishowe, "ilikuwa ni kumnyamazisha huyu."

"Mimi ndiye niliyesaini. Wewe ulikuta nimeshasaini."

"Ungeniuliza."

"Ungejibu nini?"

Filomena alifuta uso kwa ncha ya kanga. "Ningesema tuhamishwe," alisema. Kisha akasema, "Hapana. Nisingesema. Nina watoto wanne pale na mama yenu amelala pale. Ningesema kama nilivyosema." Alilia kimya kimya, mabega yakitikisika. "Bora hukuniuliza."

Hakurudi Kitangalo siku ile wala ya pili yake. Alilala kwenye kochi, na alipokuwa macho alikuwa bafuni, ndiye aliyeshika chupa ya maji. Hakuongea sana. Mara moja tu alimwita Leokadia aje asikilize, kwamba sasa analia kwa haraka zaidi, labda amepata nguvu. Leokadia alisikiliza, akasema labda.

Jumatatu saa tano asubuhi kikengele alinyamaza. Walingoja. Filomena alimgusa kwa kidole, hakusogea. Filomena alichukua mfuko wake, akafunga kanga vizuri, akaenda kituo cha magari bila kuomba asindikizwe.

Leokadia alifungua Mizani kwenye simu. Kumtangaza kiumbe kuwa ametoweka kulihitaji moja kati ya mawili: mwili, pamoja na kiapo cha mahali ulipopatikana, au miaka thelathini ya kutoonekana. Akitoa mwili angeulizwa ameupataje, na kutoka hapo wangefika Kitangalo kwa siku moja. Alipiga hesabu ya hiyo miaka thelathini. Angekuwa na sabini na moja.

Aliandika jina la chura. Jalada lilifunguka, la bluu, safi, picha aliyoipiga mwenyewe Jumanne ile ikiwa juu.

Kikengele. Hali: mahututi. Mwelekeo: haujabadilika.

Alisoma mara mbili, akaweka simu kwenye kabati la sabuni, akainama, akainua ile ndoo kwa mikono miwili ili akamwage maji.